Geji tatu za ziada kwenye HiAce ya dizeli: uzoefu wangu

Geji ya joto inayokuja na HiAce ya zamani haikupi habari mapema. Mshale hupanda hadi katikati na kutulia hapo, maji yawe nyuzi 80 au 95. Ukianza kusogea, gasketi ya hedi tayari iko hatarini. Taa nyekundu ya oili nayo huwaka presha ikiwa imebaki kidogo mno. Ndiyo maana nimefunga seti ya geji tatu za milimita 52 kwenye injini ya 5L, ile ya dizeli ya Toyota: joto la maji, presha ya oili na volti.

Geji zenyewe nimezikubali. Mishale haichezi ovyo na mwanga wake usiku hausumbui macho. Kasoro iko kwenye vifaa vidogo vya ndani ya boksi.

Sensa ya oili ilikuja na meno ya Kimarekani, NPT ya 1/8, meno 27 kwa inchi. Toyota hutumia meno ya Kiingereza, BSPT ya 1/8, meno 28 kwa inchi. Zinaingiana mizunguko michache kisha zinakaza, na fundi mwenye haraka atalazimisha kwa spana. Hapo oili itavuja polepole, au meno ya bloku yataliwa, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Tafuta adapta yenye BSPT upande mmoja na NPT upande wa pili. Ukienda kwa wauza spea wa Kirinyaga Road au Grogan, Nairobi, beba swichi ya zamani ya taa ya oili uilinganishe papo hapo. Ongeza kiungo cha T ili taa ya oili ibaki ikifanya kazi. Lakini usiininginize sensa nzito juu ya kiungo hicho: mtetemo wa dizeli hukata shingo yake na oili yote ikamwagika barabarani. Tumia paipu fupi ya oili, uifunge sensa kwenye bodi, kisha uipe waya wake wa ethi, yaani wa kurudisha umeme kwenye chuma cha gari.

Sensa ya joto hukaa kwenye adapta ya alumini inayokatiza paipu ya juu ya rejeta. Pima kwanza kipenyo cha ndani cha paipu. Kwa kuwa adapta imezungukwa na mpira, sensa ya waya mmoja haina ethi. Ifungie adapta waya hadi kwenye injini. Ile tepu nyeupe ya mafundi wa bomba ikizidi kwenye meno, nayo huzuia ethi. Mshale ukilala chini injini ikiwa moto, chomoa waya wa sensa na uuguse kwenye bodi. Kwa geji nyingi za aina hii, mshale ukiruka hadi mwisho, geji ni nzima, kagua ethi.

Umeme chukua kwenye waya unaowaka ukiwasha swichi, na uweke fyuzi ya ampia 3. Waya ukipita kwenye bati la injini, uvishe mpira. Geji hizi ni za volti 12; lori nyingi za Isuzu ni volti 24, na huko zitaungua.

Injini ikipata moto, natarajia nyuzi 82 hadi 90, na presha ya oili ya 2.5 ba kwenda juu kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Mafundi wengi hapa hung'oa themostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Kama imeng'olewa utaona nyuzi 60 ukiwa Thika Road kumefunguka, na kwenye foleni joto likapanda. Irudishe. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, kwa hiyo maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kifuniko cha rejeta kikichoka, 96 ukipanda kutoka Mai Mahiu ni maji yanayochemka. Hapo punguza gia, washa hita ya ndani hadi mwisho, na ukiona haishuki, simama.

Geji ya volti ndiyo dhaifu katika seti hii. Ikilishwa umeme wa dashibodi husoma chini ya hali halisi. Ipe waya wake kutoka kwa betri kupitia rilei (swichi inayowashwa na umeme), nawe utaona 13.8 hadi 14.4 alterneta ikichaji sawasawa.