Zigbee (mtandao wa redio wa vifaa vidogo vya nyumbani) au Wi-Fi kwa balbu na vihisi janja vya nyumba ya Mtwara?
Kwa gharama ya kuanzia, Wi-Fi inashinda: balbu inaungana na ruta moja kwa moja, Zigbee inadai kitovu chake, kisanduku kinachoviongoza vifaa. Kwenye kuokoa betri, Zigbee inaishinda Wi-Fi.

Penye mjadala ni uimara. Vifaa vya Zigbee hupokezana ujumbe, ila wapokezaji ni vile vinavyotumia umeme wa ukutani. Umeme ukikatika Shangani, plagi janja ya sebuleni inazima, na kihisi cha geti kilichopitia hapo kinapotea hata kitovu kikiwa kwenye sola. Hili wauzaji hawalisemi, na linaniudhi.

Una balbu mbili na ruta yenye sola? Wi-Fi inatosha. Una vihisi vingi na bando linaloisha katikati ya mwezi? Zigbee, maana kitovu kinaweza kuwasha taa bila intaneti.