Chemchemi za Bogoria: nimeenda mara mbili, ya pili ndiyo niliyofaidi

Mara ya kwanza nililipia safari ya kwenda na kurudi siku moja kutoka Nairobi. Tuliambiwa gari litaondoka saa kumi na moja alfajiri. Liliondoka saa mbili kasoro. Tulipofika Loburu, penye chemchemi za maji moto kando ya Ziwa Bogoria, jua lilikuwa utosini, joto la Baringo limeshika, na mvuke hauonekani vizuri. Dakika arobaini tu, tukaitwa garini. Iliniuma, maana nilikuwa nimempeleka mama.

Mwezi Agosti nikarudi naye kwa gari la binamu yangu. Tulipita Nakuru, tukavuka ikweta pale Mogotio, tukalala Marigat. Asubuhi na mapema tukaingia hifadhi ya ziwa kwa lango la Loboi. Jamani! Hewa ikiwa bado na ubaridi, mvuke unapanda mweupe kama moshi wa kuni mbichi, na maji yanaruka kwa vishindo. Ni maji yaliyozama kwenye nyufa za Bonde la Ufa, yakakutana na miamba ya moto huko chini, yakarudi juu yakichemka. Tulikariri hayo shuleni, lakini kuyasikia yakinguruma hatua chache kutoka uliposimama kunakunyamazisha.

Tulibeba mayai kwenye mfuko wa wavu, mwongozaji akatuonyesha pa kuyatumbukiza. Dakika kumi hivi yakaiva. “Mwanangu, hapa hata githeri ingeiva,” mama akasema. Mchukueni mwongozaji wa pale pale, tafadhali. Ardhi inaonekana ngumu, kumbe mahali pengine ni ganda jembamba juu ya maji yanayounguza. Mtoto mshike mkono.

Mjue pia kwamba ziwa limepanda sana miaka hii. Limemeza barabara ya zamani na baadhi ya chemchemi, kwa hiyo usitarajie kila ulichoona kwenye picha za zamani. Flamingo nao huja na kuhama. Sisi tuliwakuta wachache.

Ardhi hii ni ya jamii ya Waendorois, walioondolewa hapa miaka ya 1970 hifadhi ilipoanzishwa. Mwaka 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza uamuzi uliowapa haki. Ndiyo maana nasisitiza pesa yako ya mwongozaji na ya asali utakayonunua imfikie mwenyeji.

Mchana tukaenda kwenye bwawa la maji ya vuguvugu, hotelini karibu na lango. Mama na magoti yake alikataa kutoka hadi saa kumi.