Tahadhari: CDI zilizotumika zinauzwa kama mpya kwa ushirikiano wa fundi na duka

Ndugu wamiliki na madereva wa bodaboda wa Dar es Salaam, naandika kuwatahadharisha kuhusu mchezo unaofanywa na baadhi ya mafundi wa vijiweni wakishirikiana na duka moja la vipuri lililoko Kariakoo. Pikipiki iliyogoma kuwaka kwa hitilafu ndogo husemwa kuwa imeunguza CDI, yaani kile kisanduku cha umeme kinachoifanya plagi itoe cheche ya kuwasha mafuta, mwenyewe akauziwa CDI iliyokwishatumika kwa bei ya mpya, na ile yake nzima ikabaki mikononi mwa fundi.

Pikipiki yangu iligoma asubuhi, baada ya kuoshwa jioni kwa mashine ya maji ya presha. Taa ziliwaka, honi ililia na mafuta yalikuwemo, lakini kila ikipigwa kiki injini haikushika hata kidogo. Fundi aliyeitwa na dereva alifungua kava la ubavuni, akaichomoa CDI, akainusa, akatamka kwamba imeungua. Plagi hakuigusa. Alipiga simu, kijana akaleta boksi kutoka dukani, zikalipwa shilingi 45,000 bila risiti, na fundi akafunga kifaa hicho pamoja na kofia mpya ya plagi, ambayo alisema ni zawadi kwa mteja. Pikipiki ikawaka papo hapo. Bahati nzuri dereva aliihifadhi kofia ya zamani, na tulipoikagua baadaye tuliona chemchemi ya ndani imeliwa na kutu ya kijani na maji bado yamo. Kwa maneno mengine, zawadi ndiyo iliyotibu ugonjwa, na CDI tuliilipia bure.

Mwezi haukuisha CDI hiyo ikafa. Fundi mwingine alibandua lebo yake mbele yetu, na chini yake kulikuwa na lebo nyingine iliyofifia; pini zilikuwa zimekwanguliwa kwa msasa ili zing'ae, na katika pembe za soketi kulikuwa na vumbi jekundu lililogandamana, jambo ambalo kifaa kilichotoka kwenye boksi lake hakiwezi kuwa nalo. Dukani tulijibiwa kwamba kifaa cha umeme kikishauzwa hakirudishwi. Nilipowauliza madereva wa kijiwe chetu, wengine nao walisimulia habari hiyo hiyo, ya duka lile lile.

Matapeli hawa wameichagua CDI kwa sababu. Ni kisanduku kilichofungwa, sakiti yake imezamishwa ndani ya gundi ngumu, na ubovu wake hauonekani kwa macho wala haupimwi kwa uhakika kwa mita ya kawaida. Njia ya kuaminika ni kuazima CDI nzima ya pikipiki ya aina ile ile, kuifunga na kuona kama cheche itatoka. Fundi anayehukumu kwa kunusa anabahatisha, au anajua vizuri anachokifanya.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali kununua, mtakeni fundi achomoe plagi, airudishe kwenye kofia yake, aegemeze chuma chake kwenye silinda hedi mbali na tundu la plagi na mbali na petroli iliyomwagika, kisha apige kiki. Cheche ya buluu yenye nguvu ikionekana, tatizo mtalitafuta kwenye kabureta, mafuta au mgandamizo wa ndani ya silinda, wala si kwenye CDI. Isipoonekana, abadilishe kwanza plagi na kofia, ambazo bei yake ni ndogo, kisha akague swichi ya kuzimia injini na soketi zilizoingia maji. Katika pikipiki nyingi za Kichina zenye CDI inayolishwa na koili ya injini (inayozalisha umeme injini inapozunguka), swichi hiyo huzima injini kwa kuunganisha waya wake na bodi ya chuma ya pikipiki, hivyo waya uliochubuka na kugusa fremu huua cheche ilhali CDI haina kosa lolote.

Jihadharini pia na CDI isiyolingana. Zipo zinazopokea umeme wa koili na zipo zinazopokea umeme wa betri, na baadhi hufanana kwa umbo, hivyo muuzaji anayekwambia kwamba zote ni sawa hafai kuaminiwa hata kama bidhaa yake ni mpya. Nendeni dukani mkiwa na ile ya zamani mkononi, na msiiache kwa fundi hata akisema haina kazi tena, kwa kuwa hiyo ndiyo mali anayoitafuta. Naamini baadhi yake husafishwa na kuuzwa kwa mteja anayefuata.

Daini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la kifaa. Anayeuziwa bidhaa bandia anaweza kulalamika Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na huko mtu mwenye risiti, boksi na kifaa chenyewe ana la kuonyesha. Waliokwishauziwa na duka hilo wasitupe kifaa wala boksi, na wasibandue lebo wakiwa peke yao. Waibandue mbele ya shahidi huku wakipiga picha, lebo ya juu kwanza, kisha ya chini.