Kigoma hadi Dubai: tiketi moja ya bei au mbili za bei chee?

Mfanyabiashara wa Mwanga au Gungu, mitaa ya Kigoma, anayefuata mzigo Dubai akiingia kwa wakala, ataonyeshwa njia mbili. Kuna tiketi moja ya Air Tanzania, Kigoma–Dar es Salaam–Dubai. Au akate ya Kigoma–Dar peke yake, halafu kutoka Dar adake flydubai kwa nauli ya chini. Emirates nayo ipo, juu zaidi kwa bei na inaruka Dar kila siku, lakini ukiikata mbali na ile ya Kigoma nayo ni tiketi ya pili, na hasara yake ni ileile.

Wengi hulinganisha nauli kwa nauli na kuishia hapo. Kwa mtu wa Dar hiyo inatosha. Kwa anayeanzia Kigoma au Tabora, swali kubwa ni nani atabeba hasara ndege ya kwanza ikichelewa.

Ukiwa na tiketi moja, ndege ya Kigoma ikichelewa ukaikosa ya Dubai, ni kazi ya shirika kukupangia nyingine bila kukutoza nauli mpya. Ukiwa na tiketi mbili, shirika la pili halina habari kwamba ulikuwa Kigoma. Kwake wewe ni abiria ambaye hakutokea. Kaunta za flydubai na Emirates hufungwa saa moja kabla ya kuruka, na nauli ya chini kabisa ndiyo mara nyingi hairudishwi, au hubadilishwa kwa faini inayokaribia bei yake. Ndiyo maana ikawa chee.

Na njia yetu ya Kigoma–Dar ina sababu zake za kuchelewa. Hurukwa na Dash 8 Q400, ndege ya pangaboi yenye viti 76, na mara nyingine Kigoma na Tabora huunganishwa katika safari moja. Kikikwama kituo kimoja, kingine kinasubiri. Masika ina mawingu ya radi ya alasiri. Halafu kuna uzito: Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa joto la Oktoba hewa inakuwa nyepesi, ndege inapoteza nguvu ya kunyanyuka. Ikijaa, kinachopunguzwa mara nyingi ni mizigo, nayo hufuata na ndege nyingine. Mwenye tiketi mbili mzigo wake ukibaki Tabora, atachagua: asubiri begi au apande ndege ya Dubai mikono mitupu.

Kwa hiyo mwenye tiketi mbili lazima afike Dar siku moja kabla. Tupige hesabu ya mfano. Tuseme njia ya tiketi mbili imeonekana nafuu kwa shilingi 300,000. Begi la kukabidhi, kwenda na kurudi, likila 180,000, gesti na chakula cha usiku mmoja 60,000, na teksi 15,000, umebakiwa na 45,000. Hapo hujakosa ndege bado. Lakini kama unakwenda na begi la mkononi tu, na Dar una ndugu wa kulala kwake, zile 300,000 zinabaki karibu zote mfukoni. Huyo achukue flydubai bila wasiwasi. Ni ndege nzuri, Boeing 737, kama saa tano na nusu za kuwa angani umefika.

Bei chee hazidanganyi, ila zinauza kiti peke yake. Wanaoikumbuka Fastjet ilipoanza Novemba 2012 na Airbus A319 za Mwanza na Kilimanjaro wanalijua hili: tangazo lilisema shilingi 32,000, kodi zikawa nje. Leo pia, ukiona "kuanzia" kwenye nauli ya ndani, uliza kama VAT ya asilimia 18 na ada ya kiwanja ya 10,000 zimo. Ya flydubai soma aina ya nauli kabla ya bei: ya chini kabisa ni kilo 7 za mkononi na basi. Kilo ukizinunua mapema mtandaoni huwa nafuu kuliko pale kaunta, mzigo ukiwa tayari juu ya mzani na foleni inakusukuma mgongoni.

Mzigo wa kurudi ndio unaowaumiza wachuuzi. Kuna mashirika yanayohesabu kilo kwa jumla: ukipewa 40, zigawe utakavyo. Mengine yanahesabu vipande: mabegi mawili, kila moja kilo 23. Hapo begi la kilo 30 na jingine la 16 si "46 zilezile". La 30 litatozwa uzito uliozidi, hata kama la pili lina nafasi. Na begi moja likipita kilo 32 halipokelewi kama mzigo wa abiria. Mzani wa kuning'iniza ni bei ndogo na unaingia mfukoni; nenda nao Deira, kule kwenye masoko ya Dubai.

Mzigo wa kwenda nao una yake. Lita 5 za asali ya Tabora ni kilo 7, yaani dumu moja limemaliza uzito wote wa mkononi, na hata hivyo halipiti ukaguzi wa safari ya kimataifa kwa sababu kimiminika cha mkononi mwisho ni mililita 100 kwa chupa. Mawese ni mepesi kidogo, lita 5 ni kilo 4.5 hivi, lakini yakivuja yanapaka mabegi ya watu wengine rangi isiyotoka. Usijaze hadi shingoni. Acha vidole viwili vya hewa, weka nailoni juu ya mdomo kabla ya kufunga kifuniko, kisha mifuko miwili, kila mmoja na fundo lake. Dagaa wakavu hawavuji, wanajitangaza kwa harufu. Nao mifuko miwili.

Ukiamua tiketi moja, hakikisha kweli ni moja. Herufi na namba sita za nafasi uliyoshikiwa si tiketi. Tiketi ina tarakimu 13, na ya Air Tanzania huanza na 197, flydubai 141, Emirates 176. Wakala akikupa karatasi moja yenye tiketi mbili zinazoanza tofauti, muulize palepale: hii ikichelewa, nani ananipandisha ile? Jina lifuate pasipoti, si kitambulisho. Kigoma ukikabidhi begi, soma stika: TKQ ndiyo Kigoma, na mwisho iandikwe DXB, yaani Dubai. Ikiishia DAR, utalichukua mwenyewe na kulipeleka jengo la 3, la safari za nje.

Tiketi moja ina mtego wake. Ukiona basi ni nafuu ukaiacha ndege ya Kigoma ili upandie Dar, mfumo utakuhesabu hukutokea na kufuta safari zote zilizobaki, pamoja na ya kurudi. Pia uliza ratiba ya siku. Kama Dubai haina ndege yao kesho, "utapandishwa inayofuata" yaweza kumaanisha siku mbili Dar. Hapo aliyekata ya Emirates na kulala Dar usiku mmoja amekuzidi akili.

Kipande cha stika kitunze hadi umefungua mabegi. Kilichoharibika kinadaiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kupokea begi; lililochelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Bila maandishi hayo, hata picha kumi za simu hazikusaidii.