Dalali wa nyumba Sinza: huduma ya wastani kwa gharama kubwa

Kwa anayetafuta chumba na sebule chenye jiko na choo cha ndani jijini Dar es Salaam, Sinza inafaa, kwa kuwa iko karibu na Mwenge na Mlimani City, na Barabara ya Shekilango humfikisha mkazi kwenye mabasi ya mwendokasi ya Barabara ya Morogoro. Dalali niliyemtumia aliifahamu mitaa vizuri, lakini alidai ada ya kuonyesha nyumba kabla hatujaondoka kijiweni, ilhali baadhi ya nyumba alizonipeleka zilikuwa zimekwisha kupangishwa. Udalali wake ni kodi ya mwezi mmoja, juu ya miezi sita ambayo mwenye nyumba aliitaka kwa mkupuo; hivyo nyumba ya shilingi 250,000 kwa mwezi, ambayo kwenye tangazo huonekana ya bei nafuu, humtaka mpangaji awe na shilingi 1,750,000 mkononi kabla ya kukabidhiwa funguo.

Nyumba yenyewe sina ugomvi nayo. Ina mita yake ya LUKU, jambo linaloepusha mabishano ya kuchangia umeme, ingawa maji ya DAWASA hutoka kwa mgawo na tangi la pamoja ni dogo mno kwa wapangaji waliopo. Anayemtumia dalali huyu afungue kila bomba kabla ya kutia saini mkataba.