Ulimi, mapigo na maswali: uzoefu wangu kwa daktari wa tiba ya Kichina mjini Nanjing

Kilichonipeleka ni usingizi. Ulikuwa mwezi wa Disemba, mwaka wa pili wa masomo yangu Nanjing, na kwa wiki kama tatu nilikuwa nikishtuka saa nane za usiku nisipate tena lepe mpaka alfajiri. Miguu ilikuwa baridi hata ndani ya soksi mbili na blanketi. Dada mmoja wa kwetu Unguja anayesomea udaktari hapo akaniambia, "Mdogo wangu, twende idara ya tiba ya Kichina, mimi nitakutafsiria." Sikusita. Kwetu daktari wa Kichina si mgeni: timu za madaktari kutoka jimbo hili hili la Jiangsu zinakuja Zanzibar tangu 1964.

Dada alinipa sharti moja: asubuhi hiyo nisinywe kahawa, nisile kitu chenye rangi, wala nisisugue ulimi. Sababu niliielewa nilipokaa mbele ya daktari, mama wa makamo. Salamu hazijakwisha, akanitaka nitoe ulimi, nigeukie dirishani, maana mwanga wa taa hubadilisha rangi.

Siku zote niliamini ulimi wenye afya ni ule uliotakata kabisa. Wao hawauoni hivyo. Ulimi wanaoutaka una wekundu hafifu, una unyevu wa kadiri, hautetemeki, na juu yake umetandwa na utando mweupe mwembamba kiasi kwamba rangi ya chini inaonekana. Ulimi usio na utando wowote kwao ni dalili ya upungufu. Wangu ulikuwa umepauka, umevimba, na pembeni una alama za meno, kama unga uliobonyezwa kwa vidole. Daktari alisema ni wengu dhaifu na unyevu mwingi mwilini. Wengu wanaousema wao ni zaidi ya kiungo kile kinachochorwa vitabuni. Wanakusudia nguvu yote ya kusaga chakula na kukigeuza damu na uhai.

Kisha mapigo. Mkono juu ya kimto kidogo, vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, kwanza juujuu, halafu kwa kukandamiza; mkono wa kushoto, kisha wa kulia. Mapigo mazuri, alieleza, ni manne au matano katika pumzi moja ya mtu aliyetulia, yanakwenda sawia, ni laini lakini yana nguvu, na ukikandamiza hayapotei. Hali hiyo ya mwisho wanaiita mzizi. Wakati wa baridi mapigo huzama kidogo, na hilo si ugonjwa. Kila kidole kinasemekana kusoma kiungo chake: kushoto moyo, ini na figo, kulia mapafu, wengu na tena figo. Hapa sisemi uongo, sikuamini, na mpaka leo siamini kwamba kidole kinaweza kuyatenganisha hayo kama kipimo.

Ila maswali! Maswali ndiyo yaliyonifanya niandike. Zamani za wafalme wa Ming wa China, tabibu Zhang Jingyue aliyapanga maswali kumi, na wanafunzi huyakariri kwa mashairi mpaka leo: kwanza baridi na joto, pili jasho, kisha kichwa na mwili, choo na mkojo, chakula na kuendelea. Sikuwahi kuulizwa na daktari yeyote kama natoka jasho usiku, au kiu ikinishika natamani maji ya moto au ya baridi. Aliniuliza hedhi yangu ina rangi gani, chakula nakila kwa hamu au kwa kuwa saa imefika. Na kila nilipojibu, aliniambia mtu mwenye afya angejibu nini: analala bila kupigana na mto, anaamka mwepesi, njaa inamjia kwa wakati wake, choo chake ni kimoja kwa siku na kimeshikana, kichwa kimepoa na nyayo zina joto. Mwisho macho. Yakiwa na nuru, alisema, hata mgonjwa ana tumaini. Nilimkumbuka bibi yangu, ambaye tukirudi shule alitazama macho kabla ya kitu kingine, na aliyetukataza dafu siku ya mafua kwa kuwa ni baridi. Elimu ya bibi ilikuja na Waarabu, na asili yake ni Wagiriki. Hii ya Wachina ina chimbuko lake. Bado nilijihisi niko nyumbani.

Halafu daktari huyo huyo akaniandikia kipimo cha damu. Damu ilikuwa pungufu, na madini ya chuma yako chini sana. Vidole vyake vilishuku, maabara ikathibitisha. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa dawa mseto ya malaria tunayoitumia: mwanasayansi wa China Tu Youyou alipata fununu katika maandishi ya tabibu wa kale Ge Hong kuhusu mmea wa qinghao, lakini ni kazi ya maabara na majaribio iliyoleta dawa, na Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Nilipewa vidonge vya chuma pamoja na dawa za kuchemsha za siku saba. Hospitali inakuchemshia yenyewe na kukufungia katika pakiti. Unapasha moto, unakunywa asubuhi na jioni. Ndani kulikuwa na mzizi uitwao huangqi, uyoga uitwao fuling, maganda makavu ya chenza, na matunda mekundu ambayo ni jamaa wa kunazi zetu. Ni chungu, na harufu hukaa chumbani. Kumwona daktari nililipa yuani zisizofika 30. Dawa ndizo zilizokula pesa, karibu 300.

Malalamiko ninayo. Dakika zote zilikuwa kama kumi na mbili, nje foleni ndefu. Hakuniuliza natumia dawa gani nyingine. Ni dada aliyemwambia. Hilo ni kosa kubwa. Mimea si salama kwa kuwa ni mimea: Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu waliharibikiwa figo kwa mmea wa jamii ya Aristolochia uliotiwa katika dawa za kupunguza unene. Basi taja dawa zako zote hata usipoulizwa, na piga picha karatasi ya dawa.

Usingizi ulirudi wiki ya tatu. Ni chuma, ni mimea, au ni kulala mapema kama alivyoniamuru? Siwezi kuvitenganisha. Kila asubuhi kabla ya mswaki nasimama dirishani na kioo. Utando umekuwa mwembamba, na alama za meno zimebaki upande wa kushoto tu.