Osiloskopu ya kwanza: DSO138 au Rigol DS1054Z?

Mimi hutengeneza taa za LED za wavuvi wa dagaa hapa Mwanza, na nilianza na DSO138, osiloskopu (kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini) ndogo ya kuunganisha mwenyewe. Mawimbi ya sauti huyaonyesha vizuri, lakini kwa kuwa ukomo wake wa masafa ni kilohezi 200, na huchukua sampuli (vipimo vya papo kwa papo) milioni 1 tu kwa sekunde, mapigo ya kasi ya saketi za taa huonekana yamepoteza kingo zake, hata mwanafunzi akadhani saketi ndiyo mbovu. Tena haistahimili zaidi ya volti 50. Kwa hiyo usiitumie kamwe kupima umeme wa nyumbani. Mwenye uwezo anunue Rigol DS1054Z, yenye chaneli 4 (njia za kupimia) na ukomo wa megahezi 50, ingawa klipu yake ya ardhi (kibanio cha waya wa kupimia), iliyoungana na ardhi ya plagi, huhitaji uangalifu mkubwa.